Nani Aliwauliza Wananchi Kuhusu Kitanzi?

Mwezi Juni mwaka 2024, siku chache baada ya mwili wa mtoto wa miaka miwili na nusu mwenye ualbino kupatikana Muleba, mkoani Kagera, nilikuwa Tabora kwa shughuli za kifamilia, na jioni moja nikaketi kwenye kijiwe cha kahawa cha Ng'ambo ambacho nimekuwa nikikipitia tangu ujana wangu. Habari ilikuwa hiyo moja tu. Miongoni mwa waliokamatwa kwa tuhuma walikuwamo baba mzazi wa mtoto na padri, na kila aliyefika kijiweni alitoa hukumu yake kabla hata hajapokea kikombe. Muuza mkaa, aliyeegesha baiskeli yake ukutani, alisema wanyongwe. Mwalimu mstaafu alisema wanyongwe hadharani, watoto wa shule wapelekwe wakaone. Muuza kahawa, ambaye kwa kawaida hachangii mada bali husikiliza na kujaza vikombe, alisema kunyongwa ni kuwapunguzia. Lau kama angepita pale mtu mwenye fomu ya utafiti wa maoni, angeondoka na asilimia mia moja safi.

Sikubishana nao, kwa sababu jioni ile hata mimi sikuwa na jingine la kusema. Lakini kashata zilipoisha na sauti zikashuka, nikawauliza juu ya mtu mwingine kabisa: mama aliyepigwa na mumewe kwa miaka tisa, ambaye usiku mmoja alimngoja alale, akachukua mchi na kumpiga nao kichwani hadi akafa. Je, naye anyongwe? Kijiwe kilitulia. "Hapo, mwanangu, pana maneno," alisema Mwalimu. Muuza mkaa alimpa miaka michache ya kifungo. Muuza kahawa akamwachia huru akalee wanawe. Nikawauliza tena juu ya kijana aliyeachwa nje kulinda pikipiki huku wenzake wawili wakiingia dukani kuiba, na mmoja wao akamuua mlinzi kwa panga. Hapo wakagawanyika vibaya, hadi Mwalimu akaanza kuhoji kama kijana alijua kwamba mwenzake ana panga, swali ambalo wakili yeyote angejivunia kuliuliza. Mzee mmoja tuliyekuwa tukimwita Shehe, aliyekuwa kimya muda wote, akasema kwamba katika kisasi wenye damu, yaani ndugu wa aliyeuawa, wana mlango wa kusamehe, kisha akaniuliza kama Serikali nayo huwapa mlango huo. Nikamjibu kwamba haiwapi.

Kwa muda usiozidi saa moja, maoni yaliyokuwa moja yalikuwa yamekuwa manne au matano. Sheria yetu, kwa upande wake, ina jibu moja tu kwa watu wote niliowataja. Kifungu cha 197 cha Kanuni ya Adhabu kinaagiza kwamba mtu akitiwa hatiani kwa mauaji ya kukusudia atahukumiwa kifo, na kifo chenyewe ni cha kunyongwa. Wanaoepushwa ni mwanamke mjamzito, ambaye hupewa kifungo cha maisha, na aliyetenda kosa akiwa hajatimiza miaka 18. Nje ya hao, Jaji hana hiari. Mama yule wa mchi asingeokolewa hata na utetezi wa kughadhibishwa, maana utetezi huo unataka kitendo kifanyike papo kwa papo kabla hasira haijapoa, ilhali yeye alingoja mume alale. Na kijana wa pikipiki angeingia kwenye mtego wa nia ya pamoja, ambao huwabebesha kosa la mmoja wote walioungana kufanya uhalifu. Waliowahi kuhudhuria kikao cha Mahakama Kuu kinachosikiliza kesi za mauaji wanaijua dakika ile: wakili wa utetezi anasimama kuomba mteja wake apunguziwe adhabu, anataja umri, anataja watoto, anataja miaka aliyokaa mahabusu, na Jaji anaandika yote hayo kwa subira, kisha anasema kwamba kwa kosa hili sheria imetoa adhabu moja na mikono yake imefungwa.

Nasimulia haya kwa sababu kila mjadala wa adhabu ya kifo unapozuka hapa Tanzania, iwe bungeni, kwenye makongamano ya wanasheria au redioni, upande wa wanaotaka ibaki huja na hoja inayofunga mdomo kila mtu: wananchi wanaitaka. Ni hoja yenye uzito, na siidharau, kwani nchi haiwezi kuendeshwa kwa kuwapuuza wenye nchi. Tatizo langu ni kwamba hoja hiyo inawasemea wananchi juu ya swali ambalo hawajawahi kuulizwa. Mtu anapopaza sauti kwamba waliomuua mtoto wa Muleba wanyongwe, anatoa maoni juu ya waliomuua mtoto wa Muleba. Hajasema kwamba kila atakayetiwa hatiani kwa kifungu cha 196, kile kinachoeleza kosa lenyewe la mauaji, kwa mazingira yoyote na kwa ushahidi wowote uliotosha siku hiyo, lazima afe. Hayo ni mambo mawili, na sheria iliyopo imejengwa juu ya lile la pili.

Hoja hii ya wananchi ina historia yake mahakamani, nayo inafaa kusimuliwa taratibu. Mwaka 1994, katika Mahakama Kuu huko Dodoma, Jaji James Mwalusanya aliwatia hatiani washtakiwa wawili kwa mauaji, lakini alipofika kwenye adhabu akafanya jambo ambalo hakuna Jaji wa Tanzania aliyekuwa amelifanya kabla yake. Alisema kwamba adhabu ya kifo inapingana na Katiba, kwa kuwa Katiba hiyohiyo inakataza adhabu za kinyama na zinazomtweza mtu, akawapa wote wawili kifungo cha maisha. Upande wa Jamhuri ukalipeleka suala hilo Mahakama ya Rufani. Hukumu iliyotolewa Januari 1995 ni ya ajabu kidogo kwa msomaji asiye mwanasheria, kwa sababu majaji walikubaliana na Mwalusanya katika lile gumu zaidi: ni kweli, walisema, adhabu hii ni ya kikatili na ya kudhalilisha. Hata hivyo wakaihifadhi kwa ibara ya 30(2) ya Katiba, inayoruhusu haki za mtu kuwekewa mipaka kwa manufaa ya umma, na walipojiuliza kama kweli kifo cha muuaji kinahitajika ili kulinda uhai wa wengine, wakajibu kwamba anayeamua hilo ni jamii.

Jamii. Neno hilo moja ndilo limeibeba adhabu ya kifo nchini kwetu kwa miaka zaidi ya 30, na ajabu yake ni kwamba Mahakama haikueleza jamii ingeamua kwa njia gani, wala haikuiuliza. Miezi michache baadaye, Juni 1995, Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini ilikabiliwa na swali hilohilo, na katika hukumu yake ilizingatia pia ile kesi ya Dodoma. Rais wa Mahakama hiyo, Arthur Chaskalson, alikiri kwamba huenda Waafrika Kusini wengi walitaka kitanzi kibaki, kisha akasema kwamba maoni ya watu yanaweza kuwa na nafasi yake lakini hayawezi kuchukua mahali pa wajibu wa majaji wa kuifasiri Katiba; kama ni maoni ya wengi tu ndiyo yanayohesabika, kusingekuwa na haja ya kuwa na Katiba wala majaji wa kuilinda. Mahakama mbili, swali moja, mwaka mmoja, majibu mawili.

Wapo watakaosema kwamba Afrika Kusini ni Afrika Kusini, na kwamba sisi tuna desturi yetu ya kuwasikiliza watu. Basi na tuiangalie hiyo desturi. Mwaka 1991 Rais Ali Hassan Mwinyi aliunda Tume chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali izunguke nchi nzima na kuwauliza Watanzania kama wanataka kubaki na chama kimoja au kuingia katika vyama vingi. Hili, tofauti na la kitanzi, liliulizwa kweli, wilaya kwa wilaya, na jibu lilikuwa wazi: takriban asilimia 80 ya waliotoa maoni walitaka chama kimoja kiendelee, na takriban asilimia 20 walitaka vyama vingi. Tume ikapendekeza vyama vingi. Mwaka 1992 Katiba ikabadilishwa. Sababu zilizotolewa zilikuwa za hekima: kwamba hata wengi wa hao asilimia 80 walikuwa wametaka marekebisho makubwa ndani ya chama hicho kimoja, kwamba asilimia 20 si kundi la kupuuzwa, na kwamba ni heri nchi ibadilike yenyewe kwa amani kuliko kungoja kulazimishwa. Sijapata kumsikia kiongozi hata mmoja, wa chama chochote, akisema kwamba uamuzi ule ulikuwa dharau kwa wananchi. Kwa hiyo tunajua vizuri namna ya kusikiliza wengi kisha tukachukua njia nyingine tukiona ina maslahi zaidi. Katika suala la uhai wa mtu ndipo ghafla tunakuwa watumwa wa hesabu, na hesabu yenyewe hatuna.

Majirani zetu walau wamejaribu kuhesabu. Nchini Zimbabwe utafiti wa kitaifa uliochapishwa mwaka 2018 ulionyesha kwamba asilimia 61 ya waliohojiwa walitaka adhabu ya kifo ibaki. Watafiti hawakuishia hapo. Waliwauliza hao wanaoitaka kama wangekubali endapo Serikali ingeamua kuifuta, na asilimia 80 kati yao wakasema wangekubali. Hilo ni jambo linalopaswa kumfikirisha mtu. Maoni ya aina hiyo ni ya kweli lakini hayana mizizi. Mtu ameulizwa, amejibu, na ukimwambia kwamba wakubwa wameamua vinginevyo anaendelea na shughuli zake. Tarehe 31 Desemba 2024 Rais Emmerson Mnangagwa, ambaye yeye mwenyewe aliponea chupuchupu kunyongwa katika miaka ya 1960 enzi za utawala wa walowezi, alitia saini sheria ya kuifuta, na Harare hakukuwa na maandamano. Kenya nako utafiti uliotolewa mwaka 2022 ulikuta kwamba wanaotaka adhabu hiyo ibaki ni nusu na ushei mdogo tu, katika nchi ambayo kila mtu angeapa kwamba ni wengi mno.

Nadhani kile kilichotokea kijiweni Ng'ambo ndicho kinachotokea katika tafiti hizi zote: swali la jumla hupata jibu kali, na swali lenye mtu ndani yake, mwenye sura na sababu, hupata jibu lenye mashaka. Na historia yetu inatupa mtu mmoja mwenye sura hasa. Siku ya Krismasi mwaka 1971, huko Isimani, mkulima Said Mwamwindi alimpiga risasi na kumuua Mkuu wa Mkoa wa Iringa, Dk. Wilbert Klerruu, aliyekuwa amemkuta shambani katika joto la kampeni ya vijiji vya Ujamaa. Baada ya kuua hakutoroka. Aliupakia mwili garini akaupeleka mwenyewe kituo cha polisi. Alitiwa hatiani kwa mauaji, utetezi wake ukakataliwa, akanyongwa. Sitaki kuirudia kesi ile hapa, wala sisemi kwamba Dk. Klerruu alistahili alichotendewa, kwani aliacha familia na aliacha taifa lililomlilia. Ninachokumbuka ni kwamba katika nyumba za Iringa nilizopata kulala, zaidi ya miaka 30 baada ya tukio, wazee walikuwa bado wanabishana usiku kucha: alitukanwa au hakutukanwa, alikuwa na haki ya kukasirika au hakuwa nayo, Mwalimu Nyerere angeweza kumsamehe au asingeweza. Maoni ya wananchi, mtu akiyataka yakiwa mabichi, yalikuwa pale, na yalikuwa yamegawanyika katikati. Sheria haikuwa na sehemu ya kuyaweka. Ilikuwa na mlango wa kuachiwa, mlango wa kuua bila kukusudia, na kitanzi.

Hata hivyo, mahakama zetu zilikuwa na kiti cha mwananchi. Kwa miongo mingi kesi za mauaji zilisikilizwa na Jaji akiwa na wazee wa baraza, watu wa kawaida wa mahali hapo, mama muuza vitenge au mkulima au karani mstaafu, walioketi pembeni ya Jaji, wakasikiliza mashahidi, wakauliza maswali na mwishoni kila mmoja akatoa maoni yake kama mshtakiwa ana hatia au hana. Jaji hakulazimika kuyafuata, lakini akiyakataa alikuwa na kazi ya kueleza kwa nini. Sasa zingatia kwamba wazee hao waliulizwa juu ya hatia tu. Juu ya adhabu hawakuulizwa kamwe, kwa sababu hapakuwa na cha kuuliza. Hivyo, katika chumba pekee ambamo jamii iliwakilishwa na watu wenye majina, walioona uso wa mshtakiwa na machozi ya mama wa marehemu, jamii ilinyamazishwa mara tu suala la kifo lilipofika mezani. Ilhali katika hukumu ya 1995 jamii hiyohiyo ikatajwa kuwa ndiyo mwamuzi.

Itakuwa si haki nikiwachora wanaotaka kitanzi kama watu wenye kiu ya damu. Nimewasikiliza wengi, na mara nyingi chini ya neno "wanyongwe" pana malalamiko mengine ambayo hayahusu kamba hata kidogo. Wanasema kwamba kifungo cha maisha si cha maisha, kwamba ipo siku utakutana na muuaji wa ndugu yako sokoni kwa msamaha wa sikukuu ambao hukuujua. Wanasema kwamba upelelezi haukamiliki, kwamba kesi inaahirishwa mpaka mashahidi wanahama au wanafariki, kwamba mwenye pesa hapotei. Wenye kusema hayo ni walewale ambao, kibaka anapokamatwa mtaani, hawangoji polisi. Na ukiwauliza kwa nini, wanakupa sababu hizohizo. Mimi naichukulia hasira hiyo kuwa ushahidi mzito, lakini ushahidi wa nini? Kama watu hawaiamini mashine inayotafuta aliye na hatia, siwezi kuona inakuwaje dawa iwe ni kuipa mashine hiyohiyo uwezo wa kuua. Anayesema kwamba polisi hukamata wasiohusika hawezi, kwa pumzi hiyohiyo, kutaka waliokamatwa wanyongwe upesi. Mahakama ya Rufani imekuwa ikifuta hatia za watu waliokwisha kuhukumiwa kunyongwa, kwa sababu utambuzi ulifanyika gizani, au maelezo ya kukiri yalichukuliwa isivyo halali, au mlolongo wa ushahidi ulikatika. Na kila mmoja wa watu hao, siku aliposomewa hukumu ya kwanza, kulikuwa na umati uliotoka mahakamani ukisema haki imetendeka.

Kwa upande wa familia za marehemu sina jibu la kuwapa, na sijui kama lipo. Mjane hawezi kuambiwa asamehe na mtu ambaye hakufiwa. Ila naona kwamba sheria iliyopo haimpi hata hicho kinachodaiwa kuwa ni chake. Tangu mwaka 1994 Tanzania haijamnyonga mtu yeyote. Mkapa hakunyonga, Kikwete hakunyonga. Magufuli, ambaye hakuna aliyemdhania kuwa mlaini kwa wahalifu, alisema waziwazi mwezi Septemba 2017, alipokuwa akimwapisha Jaji Mkuu Ibrahim Juma, kwamba orodha ya wa kunyongwa wasimpelekee kwa sababu anajua ugumu wa kutekeleza jambo hilo, na Desemba mwaka huohuo akawaachia kwa msamaha watu 61 waliokuwa wakingoja kitanzi. Samia naye hajanyonga. Katika kampeni zote za urais za kipindi hicho, sikumbuki hata mkutano mmoja ambapo mgombea aliulizwa kwa nini kamba haitumiki. Umma unaodaiwa kudai kitanzi umekaa miaka zaidi ya 30 bila kitanzi, na haukulalamika. Kama tunatafuta maoni ya wananchi, ukimya huo nao ni maoni, tena yaliyotolewa kwa muda mrefu kuliko kelele za wiki moja baada ya msiba.

Na ukimya huo una gharama inayobebwa na watu wachache tusiowaona. Mtu anahukumiwa kunyongwa, rufaa inashindwa, faili linapelekwa kwa Rais, na kuanzia hapo halinyongwi wala halisamehewi. Yeye anakaa gerezani, Isanga au Uyui au Butimba, akihesabu nyayo za askari. Huruma ambayo sheria imemnyima Jaji haikupotea, imehama tu. Sehemu yake imehamia kwa mwendesha mashtaka, anayeweza kushusha shtaka likawa la kuua bila kukusudia, ofisini, pasipo hadhira. Sehemu nyingine imehamia Ikulu, kwenye kalamu isiyotakiwa kutoa sababu. Mahali pekee ambapo huruma haikubaliwi ni mahakamani, mbele ya watu, ambapo ingeweza kupimwa, kupingwa na kukatiwa rufaa.

Wengine hudai kwamba kitanzi ni mila yetu. Nawaomba wapite Kilwa Kivinje, wauulize uliko mwembe unaoitwa Mwembe Kinyonga, ambako Wajerumani waliwatundika waliowakataa, Hassan bin Omari Makunganya akiwamo, mwaka 1895. Au wafike Songea tarehe 27 Februari, siku ya kuwakumbuka mashujaa wa Majimaji walionyongwa kwa mkupuo mwaka 1906. Waingereza waliofuata ndio waliotuletea Kanuni ya Adhabu yenye kifungu hiki, kisha wao wenyewe wakanyonga kwa mara ya mwisho Agosti 1964, mwaka wa Muungano wetu, na wakaachana nayo kwa makosa ya mauaji ilhali wananchi wao wengi walikuwa bado wanaitaka.

Sina haja ya kuzunguka dunia nzima. Rwanda, yenye sababu ya kulipiza kuliko taifa lolote ninalolijua, iliifuta mwaka 2007, na Burundi ikafuata mwaka 2009. Kongo imekwenda upande wa pili: Machi 2024, vita na waasi wa M23 vikiwa vimepamba moto, Serikali ya Kinshasa iliondoa zuio la kunyonga lililokuwapo tangu mwaka 2003, kwa maelezo kwamba wasaliti lazima waadhibiwe. Hilo la usaliti lituzindue nasi, kwani kwetu pia kifo hakikuandikwa kwa ajili ya wauaji peke yao. Kimeandikwa vilevile kwa kosa la uhaini, shtaka alilofunguliwa Aprili 2025 Mwenyekiti wa Chadema, Tundu Lissu. Wale waliokuwa kijiweni siku ile, nikiwauliza leo kama walipokuwa wakipigania kitanzi kwa ajili ya watoto wenye ualbino walikuwa pia na wazo la kukikabidhi kwenye kesi za kisiasa, nafikiri wataniomba niwape muda.

Msimamo wangu ni kwamba adhabu hii ifutwe kabisa, na sioni haya kuusema. Lakini najua kwamba wengi hawajafika hapo, na pengine Bunge halitafika hapo katika uhai wangu. Kwa hiyo naomba kidogo zaidi, jambo ambalo hata wale wa Ng'ambo walilikubali bila kujua: kwamba Jaji apewe hiari. Mahakama ya Juu ya Kenya iliwapa majaji hiari hiyo kwa kesi za mauaji tarehe 14 Desemba 2017. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Arusha kwetu, tarehe 28 Novemba 2019 iliiambia Tanzania kwamba ulazima wa adhabu ya kifo unakiuka haki ya kuishi, ikaipa mwaka mmoja kuuondoa. Siku chache kabla ya hukumu hiyo Serikali yetu ilikuwa imewasilisha barua ya kujiondoa katika tamko linalowaruhusu watu binafsi kupeleka malalamiko pale. Tume ya Rais ya Haki Jinai iliyoongozwa na Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman, ambayo ilizunguka nchi na kuwasikiliza watu, ilikabidhi ripoti yake Julai 2023, nayo ikapendekeza kwamba adhabu hiyo isiwe ya lazima, na kwamba ikikaa miaka mitatu bila kutekelezwa igeuzwe kuwa kifungo cha maisha.

Mabadiliko yenyewe ni ya neno moja. Kifungu cha uhaini kinasema kwamba mwenye hatia anastahili kifo, na neno hilo la kustahili linamwachia Jaji nafasi ya kupima. Kifungu cha mauaji kinasema atahukumiwa, na hapo hakuna cha kupima. Kwa hiyo sheria yetu inamruhusu Jaji amhurumie aliyetaka kuipindua Serikali, lakini haimruhusu amhurumie yule mama wa mchi. Kulibadili neno hilo hakuhitaji kura ya maoni. Mwaka 2022 Bunge lilipitisha marekebisho ya sheria mbalimbali, na kwa vifungu vichache katikati ya mengine mengi, ulazima wa kuwa na wazee wa baraza katika kesi za Mahakama Kuu ukaondolewa, ukaachwa kwa hiari ya Jaji. Kiti cha mwananchi mahakamani kikasogezwa pembeni namna hiyo, na Ng'ambo hakuna aliyepita kuuliza wanaonaje.